Karatasi ya Mandazi Iliyorudi Mezani Kwangu

Mwanangu, naikumbuka siku moja hapa Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, saa mbili asubuhi, nimekaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, mzee mmoja akaingia bila kupiga hodi na kuniwekea mezani karatasi iliyolowa mafuta ya mandazi. Nilidhani ameniletea chakula. Nikaikunjua. Ndani hamkuwa na mandazi. Kulikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu, mwandiko ulionyooka, na juu kabisa kulikuwa na cheo changu mwenyewe: "Kwa Bwana Mkuu wa Kuajiri Watu."

Ngoja kwanza nikuambie bwana huyo alikuwa nani, maana wewe umemkuta akiwa na mvi na watu wanampisha njiani.

Mimi sikuwa na mjomba serikalini. Nilivuka ziwa hili nikiwa mdogo, na mama na godoro moja, nikasoma katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, kisha nikaenda Dar es Salaam. Huko nilibeba magunia mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya utawala wa wafanyakazi. Sisemi cheti cha semina ya siku tatu. Nasema diploma, yenye muhuri unaoweza kuupapasa kwa kidole. Niliporudi kwetu, meli ilipofika bandarini Kalundu, mizigo yangu yote niliwaachia wapagazi, lakini diploma nilishuka nayo mkononi, wazi, watu waione. Najisifu, ndiyo. Hakuna aliyenibebea.

Kiwanda kimoja cha kukoboa mpunga kilikuwa kinajengwa Luberizi, ofisi yake ikiwa hapa mjini. Patroni, mwenye kiwanda, alikuwa mfanyabiashara wa hapahapa, mtu asiyepandisha sauti. Aliitazama diploma yangu, akanipa kiti na meza na kazi ya kuchagua watu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwanangu, kiti kile kilinipanda kichwani.

Sikiliza nilivyokuwa nafanya kazi. Watu walikuja kutoka Sange, kutoka Luberizi, wengine kutoka Katogota, na dosie zao, barua na vyeti vya kuombea kazi, katika bahasha za kaki. Walizikabidhi kwa sentinele, mlinzi wa getini. Sikutoka kuwaona. Walisimama juani, kwa sababu kivuli kilikuwa ndani ya ua na ua ulikuwa wa wafanyakazi. Siku nikiisha kuchagua, nilibandika majina ya waliopita kwenye valve, ule ubao wa matangazo uliopigiliwa ukutani, basi. Asiyeona jina lake arudi kwao. Kama barua ilianza na makosa ya Kifaransa, sikufika ukurasa wa pili. Na kama iliandikwa kwa Kiswahili kabisa, niliwasomea wenzangu kwa sauti ili tucheke. Dosie zilipojaa chini ya meza, nilimwambia mama wa usafi, "Ondoa takataka hii." Yeye hakuwa na kosa. Aliziondoa, akampelekea dada yake aliyekaanga mandazi karibu na geti letu, na dada yake akapata karatasi za kufungia.

Basi huyo mzee aliyeingia alikuwa Papa Ramazani, mwenye nyumba tuliyoipanga kwa ofisi, mtu wa zile familia za Waislamu wa Uvira ambazo babu zao walikuja kwa biashara ya ziwani wakabaki. Aliuza vitambaa. Alivaa kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Soma," akaniambia.

"Papa, ninaijua hiyo. Ni barua ya zamani."

"Minye nimeisoma tangu juu mpaka chini. Na haiko moja. Niko na zingine kumi na tatu kwangu. Siku hizi niko nakula mandazi kuliko watoto, juu ya kukusanya barua zako."

"Papa Ramazani, hao hawakuchukuliwa."

"Na wenyewe wanajua?"

"Majina ya waliochukuliwa yalikuwa ukutani. Mtu asipojiona, anajua."

Akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa. "Weye uko na binti?"

"Bado, Papa."

"Mungu atakupa. Sasa muntu akikuja kumuposa, na weye hautaki, utabandika karatasi ukutani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwetu muntu akileta barua ya posa, hata kama jibu ni hapana, tunatuma mukubwa mumoja na jibu mpaka kwao. Anakaribishwa, anakunywa chai, anasema hapana kwa heshima, anatoka. Kesho tukikutana sokoni tunasalimiana. Hawa walikuletea barua, mutoto wangu. Weye umefungia mandazi."

"Papa, kule nilikosoma ofisi zote zinafanya hivi."

"Kule ulikosoma hawatakuja kukuzika," akasema. Akaikunja ile karatasi taratibu, akairudisha mfukoni mwa kanzu yake, akaenda zake. Mimi nikaita sentinele nikamgombeza kwa kumruhusu mzee kuingia bila ruhusa. Mwenye nyumba. Fikiria.

Haikupita hata wiki mbili, mashine ya kiwanda ikawashwa. Fundi niliyemchagua alikuwa na dosie nene kuliko zote, yenye rangi, na picha yake akiwa na tai. Mpunga uliingia mzima ukatoka chenga tupu, vipande vipande kama wa kulishia kuku. Alijaribu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo akakiri kwangu kwamba alikuwa amesomea mashine za mbao. Nilipoitazama tena dosie yake nikaona ilikuwa imeandikwa wazi kabisa. Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeipenda tu.

Wakati huo wakulima wa Luberizi walikuwa wamekwisha kuleta mavuno yao. Magunia yalipangwa mpaka chini ya paa la nje, na wenye magunia walikuja kila asubuhi kututazama. Patroni akaniita. Ilikuwa Jumanne.

"Wanunuzi wa Bukavu watafika hapa Jumamosi na malori," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mashini ikitoa chenga Jumamosi, hawa watu watakwenda na mupunga wao kwingine na hawatarudi. Tafuta muntu anayejua. Kama hapana, weye na ule fundi wako mutapanda gari moja kurudi kwenu."

Nilirudi mezani. Nikaikumbuka ile barua ya bluu. Nilikuwa nimeisoma kwa sauti ofisini kwa kucheka, kwa hiyo niliijua karibu yote: "Mimi naitwa Feza, wa Katogota. Mashini ya mpunga ya marehemu baba yangu nimeitunza miaka tisa. Sina diploma. Nipeni mashini yenu nusu siku, mutaona." Lakini Katogota ni kubwa na kina Feza ni wengi. Jina la baba yake na mahali alipokaa vilikuwa chini ya ile karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni mwa Papa Ramazani.

Nilimkuta dukani akipima kitenge kwa mkono. Hakuniuliza nimefuata nini. Alitoa barua zote kumi na nne, amezinyoosha kwa kuziwekea vitabu juu. Ya Feza akaiweka chini kabisa.

"Hii ni ya mwisho," akasema. "Weye utaanza na hizi."

"Papa, niko na siku nne tu."

"Barabara ni moja hiyo hiyo, mpaka Katogota. Kusema hapana haikamate hata saa moja. Utapita kwa kila muntu, utamupa jibu lake. Kisha utafika kwa Feza ukiwa muntu wa kusikilizwa."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumnyang'anya karatasi moja na kukimbia. Lakini aliniangalia kwa ile miwani yake ya uzi, na mimi, msomi wa Dar es Salaam, nikazipokea zote kwa mikono miwili.

Nilikodi pikipiki, tukaanza mchana uleule. Wengine hawakuwepo nyumbani, nikawaachia ndugu zao jibu. Mama mmoja wa Luberizi alinisikiliza mlango ukiwa nusu wazi, akasema, "Rudi siku utakuwa na kazi," akaufunga. Alikuwa na haki. Lakini Sange nilifika kwa mwalimu mmoja aliyeitwa Bahati. Nilimkuta anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Mimi ni yule wa kiwanda," nikasema. "Nimekuja kukujulisha kwamba hatukukuchukua."

Akaweka kalamu chini. "Ile barua ya miezi mitano?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akageukia jikoni. "Mama Neema, leta kiti. Kuna muntu ametoka Uvira na pikipiki kuja kunipa hapana." Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akatulia. "Miezi yote hii kila simu ikilia najua ni nyinyi. Sasa nitalala. Lakini juu ya nini mulinikataa?"

Mwanangu, hapo nilikwama. Sikujua. Ilinibidi nikae kwenye kile kiti, nifungue barua yake mbele yake na kuisoma kwa mara ya kwanza. Kurasa nne za shule alizosoma. Kazi tuliyotangaza ilikuwa ya kutunza ghala.

"Umewahi kutunza ghala?" nikamuuliza.

"La parokia. Miaka sita. Hata gunia moja halijapotea."

"Mbona hukuandika?"

"Nilidhani munataka shule."

Makosa yake yalikuwa mstari mmoja ambao hakuuandika, yangu yalikuwa kazi nzima. Nilimwambia aliweke ghala juu kabisa mara nyingine, akaandika shauri langu nyuma ya daftari la mwanafunzi, na mke wake akatuletea chai. Nilitoka pale nikijisikia mrefu kuliko siku niliyopewa diploma, na sikuwa nimempa yule mtu kitu chochote isipokuwa jibu.

Jumatano saa sita nilifika Katogota. Feza alikuwa kwenye banda la mashine ndogo ya baba yake, kitambaa kichwani, mikono myeusi kwa grisi, na wanawake sita wakisubiri zamu na mabeseni yao. Aliponiona tu alinijua, maana aliwahi kuniona nikibandika majina ukutani.

"Bwana wa kiti," akasema. "Ngoja pale."

Pale palikuwa juani. Niliposogea kwenye kivuli cha banda, akasema bila kugeuka, "Kivuli ni cha wafanyakazi." Wale wanawake wakaangaliana. Nikarudi juani. Alimaliza beseni la kwanza, la pili, mpaka la sita. Hapo ndipo akafuta mikono akaja.

"Umeleta dosie?"

"Mama Feza..."

"Attestation, cheti cha kuzaliwa? Picha mbili?" Wanawake walikuwa wamekaa chini sasa, hakuna aliyetaka kuondoka na mchele wake. "Ama umekuja mikono mitupu, unadhani hapa ni kwa shangazi yako?"

Nikamkabidhi barua yake. Akainusa.

"Mandazi."

"Ndiyo."

"Ya pale getini kwenu. Minye nilikula yale, mara ya tatu nilipokuja kusoma ukuta. Yangu yalifungwa na barua ya muntu mwingine. Nimeisoma yote ndani ya gari, alikuwa na watoto wanne yule muntu. Njo nikajua yangu imekwenda wapi."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba kutoka Sange mpaka pale. Hotuba nzuri, yenye maneno ya chuo. Ilikauka yote. Nilisema maneno matatu ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha: "Nilikosa mimi mwenyewe." Kisha nikamweleza kila kitu, fundi wa mbao, chenga, magunia ya watu wa Luberizi, malori ya Jumamosi. Sikuficha hata sehemu yangu.

"Na ikiharibika Jumamosi, patroni atakufanya nini?"

"Atanifukuza."

"Kumbe weye njo unatafuta kazi," akasema, na wale wanawake wakapasuka kwa kicheko.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye natafuta kazi."

Hapo akakaa juu ya beseni lililofunikwa, akaniangalia kama mtu anayepima gunia kwa macho. "Nitakuja kesho, juu ya hao watu wa magunia. Lakini weye unisikilize. Muntu akileta barua kwenu, umwambie siku ya jibu. Siku ile ikifika, umupe jibu, zuri ao baya, na umuambie juu ya nini. Na mutupe kivuli. Tulikuwa tunasimama pale kama tumeiba."

Nikakubali. Sikuuliza patroni. Nilikubali kwa jina langu.

Alhamisi asubuhi aliteremka kiwandani na spana zake mwenyewe ndani ya ndoo. Jambo la kwanza hakugusa mashine. Alichukua punje ya mpunga kwenye gunia, akaiuma. Akachukua nyingine kwenye gunia lingine, akaiuma. "Huu bado uko na maji," akasema. "Mulikuwa munakoboa uji." Wakulima waliokuwa wakitutazama tu siku zote wakaanza kusaidiana, magunia yakamwagwa juu ya maturubai, jua la bonde la Ruzizi likafanya kazi yake. Kisha akawasha mashine tupu, akafumba macho, akasikiliza. Akazima. Akalegeza roli mbili zilizobana mno, akaukaza mkanda, akawasha tena, akasikiliza tena. Ijumaa alasiri akamwaga beseni la kwanza. Ulitoka mchele mzima, mrefu, mweupe. Mzee mmoja wa Luberizi aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo, anatabasamu peke yake.

Jumamosi malori yaliondoka yamejaa mpaka juu. Patroni alikuja kwangu.

"Huyu mama ulimupata wapi?"

Mwanangu, uongo ulikuwa mdomoni tayari, umevaa vizuri. Nikaumeza. "Alituandikia miezi mitano iliyopita. Mimi sikumjibu."

"Jumatatu utengeneze kile kivuli," akasema. "Nimesikia umekiahidi."

Nilikitengeneza. Mabati, mabenchi mawili marefu, mtungi wa maji. Ule ubao niliung'oa kwa mikono yangu. Kila aliyeleta barua aliambiwa siku ya jibu, na siku hiyo nilimwita mmoja mmoja, nikamwambia ndiyo au hapana, na sababu. Wenzangu wa ofisi zingine walinicheka, wakaniita mjumbe wa posa. Waliendelea kucheka mpaka walipoona kwamba wao wanatafuta mafundi mwezi mzima, na mimi nikihitaji mtu nampata kabla ya wiki kwisha. Unajua nani aliniletea watu? Wale niliowakataa. Yule mama wa mlango wa Luberizi alikuja mwenyewe mwaka uliofuata, ameshika mkono wa shemeji yake: "Huyu njo anafaa, minye sikufaa." Na Mwalimu Bahati aliweka ghala juu kabisa kama nilivyomwambia, akapata kazi katika kampuni nyingine, akapanda, akawa mkurugenzi. Siku kampuni yake ilipotaka mtu wa kuwachagulia wafanyakazi wote wa tambarare hii, aliwaambia wakubwa wake anamjua mmoja aliyesafiri kwa pikipiki kwenda kumpa mtu hapana. Ofisi hii unayoiona, mwanangu, yenye jina langu mlangoni, ilizaliwa siku ile. Feza mpaka leo ndiye mkuu wa mashine zote za Luberizi, na mafundi wanaume wanasimama akipita.

Nilijua kwamba nimeelewa miaka mingi baadaye. Papa Ramazani alikuwa amezeeka, akaniandikia barua, kwa mkono wake, akimwombea kazi mpwa wake. Nilimpima yule kijana kwa haki. Hakufaa. Siku niliyokuwa nimeahidi ilipofika, nilivaa vizuri nikaenda mpaka nyumbani kwa mzee. Nikakaribishwa, nikanywa chai, nikamwambia hapana na sababu yake. Aliniangalia, akaangalia mpwa wake, kisha akacheka polepole, kicheko cha mzee aliyeshinda.

"Sasa weye umesoma," akasema. Akaniongezea chai.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliyepewa wiki hii kiti cha kuchagua watu. Siku hizi hakuna tena bahasha za kaki, barua zinakuja kwenye simu, na ukuta nao umehamia humohumo: mtu anaona umesoma ujumbe wake, na hakuna neno linalorudi. Ni jua lilelile, mwanangu. Mwambie mtu siku ya jibu na uitunze siku hiyo kuliko siku ya mshahara wako. Soma mpaka mwisho kabla ya kucheka, na ukiisha kusoma hutacheka. Hapana yako iwe na sababu, na uitamke wewe mwenyewe, usimtume sentinele. Ukikosea, kiri haraka kwa maneno machache. Na usimtazame aliye mbele yako kama mwombaji, kwa sababu kabla ya Jumamosi kufika unaweza kuwa wewe ndiye unayetafuta kazi.

Geuka uitazame diploma yangu pale ukutani, katika fremu ya kioo, na bado naipangusa kila Jumatatu. Chini yake kuna fremu nyingine, ina karatasi ya mafuta yenye mwandiko wa bluu, ambayo Feza alinirudishia siku nilipofungua mlango huu. Wageni huuliza kwanza habari za ile ya chini.

Mungu akupe macho ya kumaliza kusoma barua za watu, na ulimi wa kusema hapana bila kumvunja mtu. Wale uliowakataa wakusalimie sokoni kwa furaha, na wale uliowachukua wakufanye uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Nenda ukakikalie kiti hicho, mwanangu. Anza na barua iliyo chini kabisa, ile ambayo hakuna aliyeifikia.